Mdomo wa Mwonja Chai

Kwenye ghala la chai huna haja ya kuuliza kama Bi Filimbi amefika kazini. Utamsikia tu. Ile fyuup! yake inapenya ukuta wa mbao, inapita ofisi ya meneja na kuwafikia wapakiaji wa magunia huko nje, nao hucheka na kusema haya, mwenye chai yake kaamka. Hao hao wapakiaji ndio waliompa jina la Filimbi mwaka wake wa kwanza. Sasa ameingia mwaka wa thelathini, na sidhani kama meneja mwenyewe analikumbuka jina lake la kwenye kitambulisho.

Watu wakiambiwa ni mwonja chai hudhani anakaa kitini, kaweka mguu juu ya mguu, anakunywa. Kukaa huko hakujui. Husimama mbele ya meza ndefu nyeupe chini ya dirisha kubwa, na juu ya meza vimepangwa vikombe mia, siku za msimu mia na hamsini, kila kimoja na chai ya shamba lake, haina sukari wala maziwa, imekaa kwenye maji ya moto dakika sita kamili. Huchota kijiko, akabana midomo, akaivuta ile chai kwa pumzi moja mpaka ikapasuka matone na kupiga kaakaa hadi nyuma ya pua. Kisha huitema kwenye ndoo yenye magurudumu anayoisukuma kwa goti, bila tone kugusa sakafu, na kumwambia karani: "Hii imelala. Hii imeungua kiwandani. Hii safi, ipandishe daraja." Usipoivuta kwa nguvu namna ile huipati. Unabaki na maji ya moto yenye rangi.

Sasa bana midomo hivyo mara mia kwa siku, miaka thelathini, uone kama uso utakuachia. Mistari midogo ilikuwa imesimama juu na chini ya midomo yake, imejipanga kweli kweli. Mume wake, fundi saa, mtu wa maneno machache, aliwahi kumwambia kwamba mdomo wake ukifungwa unaonekana kama mfuko uliovutwa kamba. Alinuniwa siku mbili. Lakini Bi Filimbi mwenyewe mistari ile haikumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kiti cha mwonja mkuu.

Kiti hicho alikingoja miaka kumi na mmoja. Mwenye nacho alipotangaza kustaafu, meneja aliwaita waonjaji watatu waliobaki akawaeleza utaratibu: vikombe arobaini visivyo na alama yoyote, vingine ni chai ile ile imewekwa mara mbili kwa makusudi, nao wanunuzi wakubwa wamesimama hapo wanatazama. Atakayetambua vingi ndiye mkuu. Mwonjaji wa pili, bwana mmoja mtaratibu waliyemwita Pole, alimwambia Bi Filimbi mbele ya watu, "Mimi nakuja kukusindikiza tu." Wala hakuwa anatania. Ghala zima lilijua kiti ni cha nani.

Hapo ndipo anapoingia mdogo wake.

Huyu alikuwa kitindamimba wa nyumba yao. Mama yao alipofariki alikuwa na miaka tisa, na Bi Filimbi ndiye aliyemsuka nywele, aliyemsainia ripoti za shule, aliyekaa naye hospitalini alipovunjika mkono. Akakua akawa muuguzi, na mwaka huo alikuwa kwenye kliniki ya ngozi, anajifunza kuchoma zile sindano za kulegeza makunyanzi. Jumamosi moja alikuja nyumbani kwa dada yake, akavua viatu, akajikunja kwenye kochi alivyozoea tangu utotoni, akamkazia macho usoni.

"Dada, ukishakuwa mkuu utapigwa picha na wale wanunuzi, sivyo?"

"Nikiwa mkuu."

"Utakuwa. Sasa ndiyo utapigwa picha na mdomo huo?"

Bi Filimbi alicheka, kisha akaenda kujitazama kwenye kioo cha barazani. Mdogo wake alimfuata. Alimweleza kila kitu kwa sauti ya mtaalamu: kwamba dawa ile haijazi ngozi kitu, inauzuia mshipa wa fahamu usiuamrishe msuli kujikunja, basi msuli ukipumzika na ngozi ya juu nayo inatulia. Kwamba haionekani siku ile ile. Huanza siku ya tatu au ya nne na kukamilika baada ya wiki mbili. Kwamba haidumu, miezi mitatu au minne imeisha. Na ilivyokuwa majaribio yako wiki mbili mbele, tazama bahati hiyo, picha itamkuta amependeza barabara.

Bi Filimbi si mjinga. Aliuliza swali moja tu, na lilikuwa ndilo lenyewe.

"Mdomo huu ndio kazi yangu. Nitavuta chai kama kawaida?"

"Kama kawaida, dada. Kwani mimi naweza kukuharibia?"

Hilo ndilo jibu alilopewa. Nalirudia ili lisije likasahaulika huko mbele, watu wakaanza kuliita jambo hili bahati mbaya.

Jumatatu alikwenda kliniki. Chumba cheupe, kiti cha kulaza, taa kubwa. Daktari msimamizi, mtu wa makamo mwenye haraka zake, aliikagua ile chupa ndogo ya dawa, akaipitia fomu, akauliza kama ana mimba au ananyonyesha, kama ana ugonjwa wa kudhoofika misuli, kama anatumia dawa yoyote. Hapana, hapana, hapana. Akauliza pia, "Huimbi kwaya? Hupulizi tarumbeta?" Bi Filimbi alicheka akasema hapana, akaona daktari ni mcheshi. Mdogo wake alicheka pia. Kisha akamchoma sindano nne ndogo, mbili juu na mbili chini, kila moja kama kuumwa na siafu. Akaambiwa asilale kwa saa nne wala asisugue mahali pale, akarudi zake nyumbani.

Siku tatu za kwanza alivuta chai kama kawaida, na alimsifu mdogo wake kwa kila aliyesimama kusikiliza. Siku ya sita mistari ilikuwa imeanza kufutika. Karani alimwambia amekuwa binti. Siku ya nane, nyumbani, alikuwa anakunywa maji, mume wake akamtazama akasema taratibu, "Kidevu chako kimelowa." Alijifuta. Akanywa tena, kikalowa tena.

Siku ya tisa kazini alibana midomo kwenye kikombe cha kwanza na midomo haikubana. Ilikutana tu, kama watu wawili wasiosalimiana vizuri. Hewa iliingia pembeni, chai ikaingia bila kupasuka, na kilichotoka si fyuup, ni shhh ya mtu anayepuliza uji. Akajaribu kutema, chai ikatambaa kidevuni ikaingia kwenye kola ya koti jeupe. Karani aliangalia pembeni kwa heshima. Huko nje mpakiaji mmoja alisikika akiuliza, "Leo Bi Filimbi hajaja?"

Alimpigia mdogo wake simu amejifungia chooni. "Itatulia, dada. Kunywa maji mengi." Akanywa maji mengi, yakamwagika mengi. Alijaribu kubana pembe za mdomo kwa vidole. Alijaribu kuinamisha kichwa. Alimwambia mume wake, na herufi zake za midomo zikaanza kumtoroka, kila "baba" na "pema" ikawa inatoka na hewa katikati, hata yule fundi saa, ambaye si mtu wa machozi, akatoka nje kwa kisingizio cha kuangalia geti.

Siku ya majaribio alikwenda. Alipiga moyo konde, akasimama mahali pake, vikombe arobaini vikiwa vimepangwa na wanunuzi wamefunga mikono nyuma. Kikombe cha kwanza hakukipata. Cha pili alikisia. Alipofika cha tisa chai ilikuwa imemchora mstari wa kahawia kifuani, na mnunuzi mmoja alimpa leso kwa wema, na wema ule ndio uliomuumiza zaidi. Alitambua kumi na viwili. Pole alitambua thelathini na kimoja. Pole alipopewa mkono wa pongezi alikuwa anamtazama Bi Filimbi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kitu cha mwenzake bila kukusudia.

Kesho yake alikwenda kliniki bila kupiga simu. Alimwambia daktari, kwa mdomo ule ule usiotii, kwamba kazi yake ni kuonja chai na hawezi tena.

Daktari aliweka kalamu chini. "Kuonja chai? Kwa kuvuta?"

"Kwa kuvuta."

Alifungua faili akalisoma, akalisoma tena, akamgeuzia aone. Kwenye mstari wa kazi, kwa mwandiko ambao Bi Filimbi aliufundisha yeye mwenyewe kwenye meza ya jikoni, kulikuwa kumeandikwa: mama wa nyumbani.

"Mama, ningejua nisingeruhusu," daktari alisema. "Anayetegemea midomo kwa kazi, awe mwimbaji au mpuliza tarumbeta, hatumgusi hapo. Tunalifundisha hilo siku ya kwanza. Na kosa jingine ni langu, nilisoma karatasi badala ya kukuuliza mwenyewe unafanya kazi gani."

"Kuna dawa ya kuiondoa?"

"Hakuna. Ni kungoja iishe yenyewe, miezi mitatu hivi. Ukiona shida ya kumeza au kupumua, njoo saa hiyo hiyo. La sivyo, ni kungoja."

Siku ya kwanza. Neno hilo lilimkaa Bi Filimbi kichwani. Mdogo wake alifundishwa siku ya kwanza.

Alimkuta kwenye korido akiwa amebeba trei ya pamba. Alipoona uso wa dada yake aliiweka trei chini bila kuambiwa.

"Ulijua," Bi Filimbi alisema.

Mdogo wake alianza kwa sivyo unavyofikiri, akaenda kwenye nilidhani dozi ndogo haitakudhuru, na mwisho, alipoona hapati pa kushika, akausema ukweli wenyewe. Ili apewe cheti alitakiwa kuchoma mapaji ya uso matatu na mdomo mmoja. Mapaji alipata, marafiki walijaa. Mdomo hakuna aliyekubali kumpa. Tarehe ya mwisho ilikuwa imemfika shingoni.

"Wote walikataa," alisema huku akilia. "Nikajua wewe hutakataa."

Bi Filimbi aliondoka. Watu wengine wangempiga kofi, na mimi ninayesimulia sioni kama ningewalaumu.

Miezi iliyofuata alipewa kazi ya kupima majani kwenye mizani na kuangalia saa ya dakika sita, kazi ya watu wanaoanza. Aliifanya vizuri na kuichukia kila siku. Pole alimwita mara mbili kumwomba maoni ya harufu, kwa kumstahi, naye alijibu kwa adabu. Mdogo wake alipiga simu, akaandika ujumbe, akamtuma shangazi, akamtuma mume wa shangazi. Bi Filimbi hakumjibu yeyote. Ndugu wakaanza kusema ana roho ngumu, mtoto amekosea tu, si ameshaomba radhi, na kwani chai ni nini hasa mpaka udugu uvunjike? Waliosema hivyo hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya vikombe arobaini na leso ya mtu mkononi.

Mwezi wa nne tangu achomwe sindano, asubuhi ya Jumanne, alichota kijiko kwenye meza ya pembeni, akabana midomo, ikabana. Sauti ilitoka. Huko nje mzigo ulisimama kidogo mabegani, kisha wapakiaji wakapiga kelele ya furaha mpaka meneja akatoka kuangalia. Mistari nayo ilikuwa imerudi mahali pake. Kiti cha mkuu hakikurudi. Pole ana miaka arobaini na mitatu na afya njema.

Jumapili hiyo mdogo wake alifika. Safari hii alibisha hodi na kungoja mlangoni. Fundi saa alimfungulia, akamwonyesha sebuleni, akaenda zake. Alikuwa na cheti chake sasa, kliniki ilikwishamhamishia tawi jingine, na alisema yote haya kwa haraka, amesimama, mikono haijui iende wapi.

"Dada, miezi minne hunisemeshi. Nitukane basi. Sema chochote."

Bi Filimbi alimkaribisha kiti. Alimtazama yule mtoto aliyemsuka nywele, na moyo ulimuuma kwa sababu ulikuwa bado unampenda.

"Nilikuwa nangoja mdomo upone," alisema. "Neno hili sikutaka kukwambia kwa kitembe, halafu useme hukunisikia vizuri. Ulipita mtihani wako kwa mdomo wangu, nami nikaanguka wangu. Sijakusamehe."

Maneno yalitoka mazima, kila herufi imefungwa pande zote. Mdogo wake alibaki amesimama karibu na kiti, akingoja aongeze neno lingine, na Bi Filimbi hakuongeza.