Baba mdogo katwanga kristali zangu za PhD, halafu mwenye kosa nimeonekana mimi

Wakuu, heshima kwenu. Chumvi sijaongeza, hasira zenyewe zinatosha.

Nasoma PhD ya fizikia. Natengeneza kristali za bismuth na selenium, nazitia shaba kidogo, ndiyo doping yenyewe. Ukizipoza kwa baridi kali mno, umeme unapita bila kupotea hata chembe. Superconductor hiyo. Halafu uso wake una tabia tofauti na ndani, na hapo ndipo utafiti wangu ulipo.

Chuoni hatuna helium ya kupozea. Nikapata slot kwenye lab moja Kenya, nikapitia nyumbani Nyamisangura kabla ya kuvuka mpaka pale Sirari.

Kristali zilikuwa kwenye kichupa cha kioo kisicho na hewa, maana hewa inaziharibu. Zinang'aa balaa. Nikaziacha kabatini, nikaenda Bomani mara moja.

Sasa kwetu jiwe linalong'aa ni dhahabu mpaka lithibitike vinginevyo. Na kuthibitisha ni kulitwanga, kuliosha kwenye karai na kutazama kinachobaki chini.

Narudi, baba mdogo kachuchumaa uani na karai. Ni mchimbaji wa zamani, kaingia mashimo mengi ya dhahabu. Kichupa kimevunjwa, kristali zote tope jeusi.

Nilipiga kelele wakuu. Nikamwambia ameniua.

"Mura, hii haina kitu," akanijibu, kakereka kuliko mimi.

Na selenium ni sumu! Ikabidi nimnawishe mikono kwa sabuni.

Slot wamepewa wengine. Naanza upya tanuruni.

Halafu sikieni. Wazee wa ukoo wakakaa, kosa likawa langu! Nimemfokea baba yangu, tena nimeingiza mali nyumbani kwa siri. Nikaeleza superconductor mpaka mate yakakauka.

Mzee mmoja akaniuliza, "Kama siyo mali, unalia nini?"

Nikaomba radhi. Inaniuma mpaka sasa.

Funzo: ukifika nyumbani, eleza kazi yako kabla hujafungua begi. Wasipojua unachofanya, watakijua kwa kinu.

Tulipotoka kwenye kikao baba mdogo akanivuta pembeni, kwa upole kabisa: "Sasa mura, shimo lenyewe liko wapi?"

Tiririkeni wakuu, ningefanyaje? Ila atakayeuliza shimo, namblock.