Sura Ambamo Shujaa Haruki

Kitabu chenyewe nilikikuta mtaa wa Ndia Kuu, kwenye duka la vinyago na vitu vya zamani, kimelala chini ya rundo la magazeti. Kilikuwa kitabu cha katuni, kinene, matoleo sita ya hadithi moja yameshonwa pamoja, kila toleo sura yake: habari za shujaa anayeruka angani na kunyanyua lori kwa mkono mmoja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Tudor, na nilikinunua nikiwafikiria wanafunzi wangu. Lakini sisi watu wazima tulikisoma kwanza, na hatukuelewana.

Shida ilikuwa sura ya tatu. Katika sura ya pili jengo linaungua, na shujaa anawaokoa wote isipokuwa mwanamke mmoja. Basi sura nzima inayofuata haruki. Anakaa kitandani, anatazama ukuta, hapokei simu, hata mkewe anafunga mizigo na kuondoka. Hakuna hata ngumi moja.

Niliandika maoni yangu mtandaoni, kwenye ukurasa wa wasomaji wa vitabu hivyo: sura ile ingeng'olewa, kitabu kisingepungukiwa na kitu. Wengi waliniunga mkono. Rafiki yangu, muuguzi anayekaa Majengo, alikuwa mkali kunishinda.

"Mimi mgonjwa akinifia saa nne, saa nne na nusu niko kitanda cha pili," aliniambia. "Huyu na nguvu zote zile, analala?"

Msomaji wa tatu alikuwa ami yangu, mdogo wake marehemu baba, aliyefanya kazi ya zimamoto mpaka akastaafu. Alikichukua nyumbani kwangu Ijumaa moja baada ya chakula. Nilidhani ataangalia picha tu. Siku ya tatu akaja nacho kwapani, akatukuta mimi na muuguzi tunakunywa chai.

"Aliyeandika sura ya tatu anajua," alisema hata kabla hajaketi.

"Anajua nini, ami? Mtu kalala tu."

Akavua kofia, akaiweka gotini. Akatueleza moto mmoja wa zamani, nyumba za makuti zilizoshikana. Walitoa watu watano. Wa sita alikuwa bibi mmoja chumba cha nyuma. Ami alimsikia akiita, akapiga hatua mbili kumwendea, na paa likaanguka.

"Watu walitushangilia, mwanangu. Walitupa maji, wakatushika mikono. Mimi nikarudi nyumbani, nikavua buti, nikalala wiki mbili. Nikasema nina malaria. Mke wangu mpaka leo anajua ilikuwa malaria."

Muuguzi alitua kikombe.

"Mimi huingia choo cha wodini," akasema polepole. "Nalia dakika tano, kisha nanawa uso. Hicho kitanda cha pili nilichokwambia, naenda baada ya hapo."

Ami aliitikia kwa kichwa. Alipoaga, akakiomba kitabu tena. Kimeandikwa Kiingereza na mkewe hakijui, lakini alisema atamsomea mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Jumamosi iliyofuata mkewe akabisha hodi, kitabu kimefungwa ndani ya leso yake ya kujitanda. Tulisalimiana, tukaulizana hali za wote nyumbani, kisha akakifungua penye sura ya tatu, akaweka kidole juu ya picha ya mke mwenye mizigo.

"Huyu kaondoka mapema," alisema. "Lakini na mume naye hakumwambia kitu. Angejuaje?"

"Na ami alikwambia?"

"Kaniambia. Alifika hapa, sauti ikamkatika." Kisha akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Wiki mbili nimemchemshia mwarobaini! Naye akanywa kila siku asubuhi na jioni, mchungu vile, malaria hana!"

Nilifungua simu, nikamsomea yale niliyoandika kwa wasomaji. Aliguna. Nikamuuliza kama ana maoni yake, niyaongeze chini ya yangu.

"Andika mke angengoja siku moja zaidi, na mume angefungua mdomo."

Nikaandika hivyo hivyo, na kwamba ni maneno ya mke wa ami. Baada ya muda msomaji mmoja akauliza pale pale mtandaoni: je, mama huyo mapigano ya sura ya sita aliyaonaje?

"Mwambie huko sijafika," alisema mke wa ami. "Bado tunasoma."