Jua la Aprili Mlimani

Nakumbuka asubuhi moja ya Aprili, mwanangu, katika kibanda cha wapanda milima huko Alpsi. Nilikuwa muuguzi kijana wa Ilford huko ughaibuni, mzaliwa wa Mombasa, na kuteleza thelujini kwa mbao za ski nilijifunzia ukubwani. Aliyenifundisha ni Mzee Pritam wa Stanmore, mhamiaji kama mimi, mzaliwa wa Kisumu, na siku hiyo tulikuwa wawili tu.

Alitaka tuondoke alfajiri, theluji ikiwa bado imeganda kwa baridi ya usiku, tuwe tumeshuka kabla ya saa nne. Mimi nikaomba tungoje jua lichomoze, nikamwambia muda upo. Mtoto wa pwani hukua akiamini kwamba baridi ndiyo adui. Nikanywa kikombe cha chai, kisha kingine. Mzee alitania kwamba sisi watu wa Mombasa hata treni tunataka itusubiri, lakini hakuniacha.

Tulifika kileleni saa tano na nusu. Wakati wa kushuka theluji ilikuwa imelainika kama uji. Kila tulipovua ski buti zilizama hadi magotini, na vibonge vya theluji vilibiringika vyenyewe kutoka miambani. Niliviona nisijue kwamba ni onyo la maporomoko. Yeye alijua. Ulibaki mteremko mmoja wa kuvuka.

"Vuka wewe kwanza," akasema. "Nitakutazama. Usisimame katikati."

Nilivuka. Naye alipofika katikati, theluji ya mteremko mzima iliachia, taratibu, nzito kama zege bichi. Ikamburuta, ikamzika hadi kifuani. Nilichimba kwa sepetu hadi nikaufikia mguu wake; ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Tukisubiri helikopta ya waokoaji, alisema bila hasira, "Kijana, kama uliogopa baridi ungeniambia. Koti la ziada ninalo. Wewe ukaniambia muda upo."

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe. Hakupanda mlima tena.

Basi wewe unayefunga mizigo kwenda huko mwisho wa msimu, ogopa jua kuliko baridi. Usiku usipogandisha theluji, baki kibandani. Buti likianza kuzama, geuka, hata kama kilele unakiona. Vukeni mmoja mmoja. Na ukichelewa, kiri kwamba umechelewa, uiache safari, kwa maana anayekungoja huingia hatarini pamoja nawe.

Mungu akutangulie kupanda, akufuate kushuka, na mwenzako arudi nawe akitembea kwa miguu yake.