Benoni, Mtoto wa Dada Yangu

Walisema sitaweza. Mtoto wa mvunja mawe wa Kakontwe asome Kiebrania? Wajomba zangu walicheka kwamba maandishi yenyewe yanaanzia kulia, nitakuwa natembea kinyumenyume kama mlevi. Nilijisomesha ng'ambo, nikifundisha Kifaransa jioni, nikarudi Likasi na diploma. Iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu.

Tangu hapo wazazi huja kwangu kabla ya ubatizo. Watu wetu huchagua jina la Biblia kwa utamu wake masikioni, bila kusoma kisa chake. Mume na mke fulani walitaka kumwita binti yao Mara. Nikawaambia maana yake ni uchungu. Wakaondoka na Naomi, yaani mwenye kupendeza. Hakuna mwingine mjini anayeiweza kazi hiyo. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Kisha dada yangu akafa akijifungua mtoto wa kiume. Sikulia. Nilipanga viti uani, nikasalimia watu, nikala nilichopewa.

Katika ukoo wetu, mama akifa hivyo, kaka yake ndiye hulitamka jina la kwanza juu ya mtoto. Kabla ya hapo haitwi chochote. Baada ya maziko mume wa dada yangu alinijia, mtoto kifuani, akasema anataka Benoni. Yeye kisa alikuwa amekisoma: Raheli anakata roho akimwita mwanawe hivyo, mwana wa huzuni yangu. Nilimweleza kwamba mume wa Raheli, baba wa mtoto huyo, alilibadilisha likawa Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Kwa nini mtoto abebe kifo cha mama yake kila anapoitwa? Nilieleza vizuri. Nilijisikia nikieleza vizuri.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ule baba alikuwa na bibi wengine, shemeki," akasema. "Miye niko na nani?"

Nilitafuta jibu katika yote niliyosoma. Mama yangu, aliyeketi mkekani, alinitazama akingoja. Nikampokea mtoto, alikuwa mwepesi, na mwili wake una joto. Nikatamka Benoni, kwa matamshi sahihi kabisa.

Mama akauliza maana yake. Nikamwambia.

"Sawa," akasema. "Leta mutoto, maziwa yake inapoa."