Mechi Niliyoibeba Hadi Rukanga

Sijui nani alinidanganya kwamba mtu anaweza kuwa afisa wa kilimo na shabiki wa mpira siku moja. Kabla ya kazi hii, Jumamosi zangu zote zilikuwa za kibanda cha video pale Voi. Jumamosi iliyopita bosi akanituma Rukanga, kwa mkutano wa wakulima ambao mahindi yao yameliwa na ndovu, saa ile ile timu yangu inacheza.

Tulikutana kanisani. Nikapitisha waya wa hedifoni ndani ya mkono wa koti, nikaegemeza sikio kwenye kiganja na kufumba macho ili nimsikie mtangazaji vizuri. Timu yangu ilipofungwa niliguna kwa uchungu, na mzee aliyekuwa akieleza hasara yake akanishukuru.

Mwenyekiti, Mama Wakesho, aliguswa. "Huyu afisa mgeni ana moyo," akasema. "Tangu tuanze yuko kwa maombi. Hebu atufungie mkutano kwa sala."

Nikasimama. Wote wakainamisha vichwa. "Baba Mungu," nikaanza, nikainua mikono, na waya ukachomoka kwenye simu. Mfukoni mwangu mtangazaji akapaza sauti kwamba sasa ni mbili bila, na beki wetu alikuwa amelala.

Niliitafuta simu, nikaikosa, nikaipata, nikaizima.

Mama Wakesho hakufumbua macho. "Endelea tu, mwanangu," akasema. "Na sisi na ndovu, ni ngapi ngapi?"