Jina Lililomngoja Nolasco

Miaka kumi na mitatu Kemirembe aliishi na jina lisilo na mtu. Mumewe, Nolasco, aliaga nyumbani kwao Nyakatuntu asubuhi ya Jumatatu, akavuka mpaka kwenda Uganda kufanya kazi ya ujenzi kwa msimu mmoja, na msimu ukazaa misimu. Hakuna aliyeleta maiti, wala aliyeleta salamu. Kemirembe hakuvua pete wala hakukaa matanga. Kila mwaka alipalilia kibanja cha migomba na mibuni kama mtu anayemtunzia mwenzake aliyetoka mara moja.

Alikuwa katibu wa parokia, na daftari la ubatizo lilijaa mwandiko wake. Mwaka huo paroko, Padri Cleophace, alikuwa akitunga kijitabu kuhusu majina ya wanaume katika kumbukumbu za kale za Ayalandi, nchi aliyosomea. Padri aliandika kwa mkono, Kemirembe akachapa kwenye kompyuta.

"Nataka makatekista wangu wajue," Padri alisema, "kwamba si sisi wa kwanza kuitwa majina ya wageni."

Hivyo ndivyo Kemirembe alivyopata habari za watu waliokufa miaka elfu moja iliyopita. Watawa wa huko walikuwa na vitabu vya miaka: mwaka huu amefariki abati fulani, mwaka huu ameuawa mfalme fulani. Akina Kolmani walikuwa wengi hata akawa anawachanganya. Kisha watu wa kaskazini wakaja kwa merikebu na kuacha majina yao, wakafuata Wanormani na akina Yohane na Wiliamu wao, na majina ya mababu yakaanza kupungua katika kurasa. Hapo alicheka peke yake, kwa kuwa daftari lake mwenyewe lilijaa akina Novatus na Deusdedit.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni.

"Padri, mbona watu hawa wanaandikwa siku ya kufa?"

"Si wote, lakini ni wengi. Mtu aliweza kuishi miaka sabini, na kitabuni ukamkuta kwa mstari mmoja tu, ule wa kifo chake."

"Na asiyejulikana alikofia?"

Padri akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu.

Mwezi wa nne Edith, mke wa mwanawe Projest, akajifungua mtoto wa kiume. Jumapili iliyofuata Byarugaba, kaka mkubwa wa Nolasco, akafika na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akaketi kama mtu aliyekwisha kuamua.

"Shikamoo, shemeji," Kemirembe alimwamkia.

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Aitwe Nolasco."

Katika nyumba ile mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Kulitoa ni kusema kwamba mwenyewe hana haja nalo tena. Kemirembe alilijua hilo, na Byarugaba alijua kwamba analijua.

"Mwenye jina hajaliacha," alisema Kemirembe.

"Shemeji! Mgomba uliokuwa na mkungu siku anaondoka, leo tunakula vitukuu vyake."

Kemirembe alitafuta pa kushika, akashika alichokuwa akichapa juzi. "Waayalandi wa kale walimheshimu Mtakatifu Patrisi mpaka wakaogopa kumpa mtoto jina lake. Walimwita Maelpatrik, maana yake mtumishi wa Patrisi. Basi na huyu aitwe Mtumishi wa Nolasco. Jina lenyewe libaki kwa mwenyewe."

Byarugaba aliangua kicheko mpaka rubisi ikamwagika. "Mjukuu wangu hajatoka hata jino, tayari ameajiriwa! Na tajiri wake hajulikani aliko! Shemeji, huyo Patrisi alikuwa mtakatifu. Ndugu yangu mimi nilimjua. Alikuwa anaiba senene kwenye sufuria ya mama yetu."

Edith akacheka. Hata Kemirembe tabasamu lilimponyoka, maana Nolasco hakuiacha tabia hiyo hata alipooa. Projest peke yake hakucheka.

"Mama," alisema, "mtoto akiitwa Nolasco, mimi nitamwita tata. Si ndivyo? Jina la baba yangu, basi ni baba yangu."

"Ndivyo."

"Neno hilo sijalitamka tangu darasa la saba. Nikisikia mtu anamwita baba yake njiani, napunguza mwendo nimsikilize. Wewe unamngoja mumeo, Mama, na mimi sikuzuii. Simziki. Nataka tu niwe na wa kumwita."

Kibuyu kilisimama katikati yao, hakuna aliyekigusa. Miaka yote hiyo Kemirembe alidhani kungoja ni kwake peke yake. Kumbe alilihifadhi jina kama mbegu ghalani, na ndani ya nyumba ileile mtoto wake alikuwa akilala na njaa.

"Daftari nitalijaza mwenyewe," alisema.

Siku ya ubatizo, misa ilipokwisha, aliingia ofisini akafunga mlango. Aliandika taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Lilikuwa jina lilelile, ila aliliandika katika daftari la waliozaliwa upya. Alingoja wino ukauke, akatoka.

Nje wanawake walikuwa wamemzunguka mtoto. Jirani yake Benadeta alipomwona akapiga kigelegele, kwa kuwa mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake na utani huo hauna msamaha.

"Kemirembe, mumeo karudi! Njoo umpokee, mbona unasimama mlangoni kama bibi harusi?"

Kicheko kikatanda uwanjani. Projest akamnyanyua mwanawe. "Tata," alisema, "tata, nenda kwa mkeo."

Kemirembe alimpokea. Alimfunika shingo, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Mtoto akafumbua jicho moja, akalifumba.

"Umechelewa," alimwambia.