Pedali za Kutuzika

Acha nijicheke kabla hamjanicheka. Baiskeli yangu ya kruza, ile yenye kiti kama kochi, ilihitaji pedali mpya, kwa sababu huiendesha kila siku kutoka Kabiria hadi ofisini Westlands. Katika duka la spea mjini, mke wangu alishika zile pana za mpira.

"Hizi ni laini, Baba Njeri."

"Mpira ni wa watoto," nikamjibu, nikachukua za chuma zenye meno makali. "Hizi zitatuzika."

Meno yale yaling'ang'ania viatu vyangu vyeusi, vya kazini na vya kanisani, kama mbwa na mfupa. Kila Jumamosi nilivipaka rangi vikang'aa, juu tu. Soli zilipoanza kupitisha maji, nililaumu mvua.

Jumapili iliyopita nilisimikwa mzee wa kanisa. Pasta akatuita mbele mimi na mke wangu, tukapiga magoti tukiwapa waumini mgongo. Nikasikia kikohozi, kisha kicheko, kisha kwaya nzima.

Mke wangu akageuka kidogo, akatazama soli za viatu vyangu, akafumba macho tena.

"Baba Njeri," akaninong'oneza, "kanisa lote linaona soksi zako. Lakini usijali, pedali bado ni nzima."